Sura ya Sita: Nchi Zisizo Kwenye Ramani

Katika mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi huutumia kupangia vitabu, fasihi ya Kiswahili imepewa namba 896.392. Chini ya namba hiyo hukaa kila kitu. Tenzi za karne ya 18 zimo, riwaya za mapenzi zimo, visa vya upelelezi vya Bwana Msa vimo, na humo humo imo nchi ya Kusadikika inayoelea angani. Msomaji anayetafuta majini, vyombo vya angani au miji iliyogeuka mawe haoni kibao cha kumwelekeza. Hupita mbele ya kile kile anachokitafuta bila kukitambua. Na hata akikitambua, huenda asikitake, kwa sababu vingi vya vitabu hivyo vimevaa sare ya shule: alivikuta darasani, akavifanyia mtihani, akaviacha huko.

Kijana akija kaunta na kuuliza, "Shikamoo mama, mna vitabu kama ile filamu ya Dune?" najua anatarajia nimpeleke upande wa Kiingereza. Nampeleka. Lakini kabla hajaondoka nampitisha kwenye 896.392, nachomoa kitabu kimoja chembamba, nakiweka juu ya kile kinene alichokishika, na ninamwomba aazime vyote viwili kwa pamoja.

Mkutubi mashuhuri wa India, S. R. Ranganathan, mwaka 1931 alitoa kanuni tano za kazi yetu. Mbili kati yake zinasema kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Kwa vitabu vya maajabu mimi huongeza kanuni ndogo ya mezani kwangu: kila kitabu kina mwenzake. Bunilizi za kisayansi na fantasia za ng'ambo husomeka vizuri zaidi zikiwekwa kando ya za Kiswahili, na za Kiswahili hufufuka zikiondolewa kwenye mtihani na kuwekwa kando ya wenzao wa dunia. Sura hii ni orodha ya jozi hizo, pamoja na sababu zangu.

Kwanza tuelewane kuhusu mipaka, kwa ufupi. Bunilizi ya kisayansi hubadilisha jambo moja ambalo sayansi inaweza kulieleza, kisha huuliza watu wataishije baada ya hapo. Fantasia hubadilisha kanuni zenyewe za ulimwengu: wafu husema, majini huoa, jina la kitu huwa na nguvu juu ya kitu hicho. Wanahistoria wengi huanzia na Frankenstein cha Mary Shelley, kilichochapishwa 1818. Alikianza kando ya ziwa la Geneva mwaka 1816, wakati wa kiangazi kilichoharibiwa na baridi na mvua baada ya volkano ya Tambora, huko Indonesia, kulipuka mwaka uliotangulia na vumbi lake kufunika anga. Msichana wa miaka 18 amefungiwa ndani na hali ya hewa, anabuni mwanasayansi anayeumba kiumbe kisha anakikimbia. Ukitaka kuanza na mzizi, anza hapo. Vinginevyo twende moja kwa moja kwenye jozi.

Wajumbe wanaorudi na habari mbaya

Jozi ya kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert na The Left Hand of Darkness cha Ursula K. Le Guin.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Karama, kijana anayetaka kuanzisha elimu ya sheria, anashitakiwa na waziri Majivuno. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja alipewa gereza kuwa malipo. Ukikisoma bila mwongozo wa mtihani pembeni, utagundua kwamba ni kitabu cha mashaka makubwa. Nchi iko angani, ardhi wanaiona kama mahali pa kupelekewa mjumbe, na mfumo mzima wa utawala umejengwa ili habari mpya isipenye.

Kitabu cha Le Guin ni cha 1969. Genly Ai ametumwa peke yake kwenye sayari ya Gethen, ambako baridi haiishi na watu hawana jinsia ya kudumu: kwa siku chache kila mwezi mtu huwa mume au mke, kisha hurudi kuwa mtu tu. Ujumbe wake ni kuialika Gethen ijiunge na umoja wa sayari. Mfalme hamwamini. Mmoja anayemwamini, Estraven, anatangazwa msaliti, na wawili hao wanaishia kuvuka jangwa la barafu kwa kuburuta sleji yao.

Ukivisoma pamoja utaona kila mwandishi ametazama upande wake. Wajumbe wa Shaaban Robert hushindwa nyumbani, baada ya kurudi, kwa hiyo swali lake ni namna dola inavyoyatendea maarifa. Mjumbe wa Le Guin hushindwa ugenini, kwa sababu macho aliyotoka nayo kwao hayaoni kilicho mbele yake, kwa hiyo swali lake ni namna mgeni anavyojifunza kuona. Msomaji aliyemaliza vyote viwili hawezi tena kusema kwamba Kusadikika ni kitabu cha kukariri wahusika na tabia zao.

Sayari mbili, hoja moja

Kama kuna kitabu cha Kiswahili ambacho nakitetea kwa nguvu kuliko vyote, ni Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia kutoka Pwani ya Kenya, na miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa na watawala wa nchi yake na kurushwa angani ndani ya chombo ambacho kinatarajiwa kuwa kaburi lake. Hafi. Anafika Walenisi, ulimwengu ambao watu wake wamejenga jamii ya usawa, na huko analazimika kueleza mambo ya kwao kwa watu wasioelewa kwa nini mtu mmoja ale na mwingine alale njaa.

Mwenzake ni The Dispossessed, cha Le Guin tena, cha 1974. Humo zimo sayari mbili zinazotazamana. Urras ina utajiri, majeshi na matabaka. Anarres ni kavu, maskini, na haina serikali wala mali binafsi. Mwanafizikia Shevek anatoka Anarres kwenda Urras, yaani anasafiri kinyume na Dzombo.

Mkangi ana imani. Anakupa jamii iliyokwisha kufaulu na anaitumia kuisuta ile tunayoijua, kwa Kiswahili chenye kejeli ya mtu aliyeonja gereza. Le Guin ana mashaka. Anaipenda Anarres, lakini anakuonesha jinsi urasimu, wivu wa wenzako na woga wa kuonekana tofauti vinavyoota hata pasipo dola. Wasomaji wa mjadala, wale wa chama cha siasa au wa klabu ya chuo, wakipewa jozi hii hawamalizi kubishana. Wengine huniambia Mkangi ni mhubiri mno. Huwa nawajibu kwamba mtu aliyerushwa angani na serikali yake ana haki ya kuhubiri kidogo.

Mtaona kwamba Le Guin anarudi mara kwa mara kwenye orodha yangu. Baba yake alikuwa mwanaanthropolojia, naye aliandika nchi za kubuni kwa utulivu wa mtu anayeeleza chakula, ndoa na mazishi ya watu aliowahi kukaa nao. Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya wazee hamwoni mgeni.

Kafara: kwa wasio na muda

Wapo wanaosema wana nusu saa tu kwenye daladala. Hao nawapa hadithi fupi ya Le Guin ya mwaka 1973, The Ones Who Walk Away from Omelas. Mji una furaha timilifu, na furaha hiyo yote inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa gizani katika uchafu. Kila raia anajua. Wengi wanazoea. Wachache wanaondoka.

Wakirudi nawapa Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichoandikwa 1946 na kuchapishwa 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Ufalme unahangaika kupata mrithi, na baadaye maisha ya mtoto huyo yanadaiwa kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Swali ni lile lile, kwamba ni damu ya nani inayoruhusiwa kulipia heri ya wengi, lakini Shaaban Robert analipeleka mahali ambapo Le Guin hakwenda, yaani kwenye elimu. Nani ameamua yupi mjinga na yupi mwerevu? Kwa mwalimu yeyote hicho ndicho kitabu cha kusoma wakati wa likizo.

Majini na bahari yetu

Kwa wapenda majini jozi ni rahisi. Adili na Nduguze, cha 1952, kina kila kitu: mfalme Rai anayependa wanyama, liwali Adili ambaye kila usiku analazimika kuwacharaza viboko manyani wawili, siri ya kwamba manyani hao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu, jini mwenye nguvu, na mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe. Nasaba yake inafika hadi Alfu Lela u Lela, na Shaaban Robert hakuificha. Aliichukua hekaya ya kale akaipa maadili yake na lugha yake. Kisome kwa sauti, kwa sababu sentensi zake ziliandikwa kwa ajili ya sikio.

Kando yake ninaweka The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, mwandishi wa Marekani, kilichotoka 2023. Amina ni nahodha mstaafu wa maharamia katika Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Ni mama wa binti mmoja, magoti yanamuuma, anasali na anatubu, na aliwahi kuolewa na kiumbe asiye binadamu. Anarudi baharini kwa kazi moja ya mwisho, na hadithi inapita Aden na Sokotra kwa pepo za msimu. Msomaji wa Lamu, Pemba au Muscat atazitambua bandari, bidhaa na matusi ya mabaharia kuliko hao walioandikiwa. Kwa kijana wa kompyuta nabadilisha mwenza: nampa Alif the Unseen cha G. Willow Wilson, cha 2012, ambamo mdukuzi katika mji wa Ghuba anawakimbia askari wa usalama na kupata hifadhi kwa majini.

Na kwa anayependa visiwa lakini hapendi maharamia, kipo A Wizard of Earthsea, cha Le Guin, cha 1968. Ged, kijana mwenye kipaji na kiburi, anafungua mlango ambao hakupaswa kuufungua, na kivuli kinachotoka humo kinamwandama kisiwa hadi kisiwa. Watu wengi wa visiwa hivyo ni weusi na wekundu wa ngozi. Mwandishi aliwapanga hivyo makusudi, na filamu ya televisheni ya 2004 ilipompa mzungu nafasi ya Ged, alilalamika hadharani.

Wafu wanaohoji, watawala wanaovimba

Hapa napita haraka, kwa kuwa jozi inajiuza yenyewe. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha 2001, kinamleta mzee aliyekufa amhoji mjukuu wake K, mkubwa aliyenenepa kwa mali ya umma. Wizard of the Crow cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichoandikwa kwanza kwa Kikikuyu, kina nchi ya Aburiria, ambayo mtawala wake anataka kujengewa mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya dunia, na mwili wake unaanza kuvimba bila daktari kujua sababu. Cha kwanza ni chembamba na kina uchungu, cha pili ni kinene na kitakuchekesha ukiwa ndani ya basi. Anza na Babu.

Baada ya maangamizi

Wanaomjua Euphrase Kezilahabi kwa Rosa Mistika hushangaa wakikutana na Nagona, cha 1990, na Mzingile, cha 1991. Kijana wa Ukerewe aliyeandika uhalisia mkali kiasi cha kitabu chake cha kwanza kupigwa marufuku shuleni, ghafla anaandika miji iliyonyamaza, wanafalsafa wa Ulaya waliogeuka wahusika, na dunia iliyobaki baada ya kuangamia. Vitabu vyenyewe ni vyembamba, lakini usidanganyike. Ushauri wangu ni huu: soma Nagona kwa mara ya kwanza kama unavyosikiliza ndoto ya mtu mwingine, bila kumkatiza kila hatua kutaka maana. Maana ije mara ya pili. Ukishindwa kabisa, anza na Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila, cha 2002, ambacho kinasafirisha msimulizi wake mabara mbalimbali akimtafuta aliyeiharibu dunia. Kina mzaha zaidi na mkono wake ni mwepesi.

Mwenza wa Mzingile ni Parable of the Sower cha Octavia Butler, cha 1993. Butler alizaliwa 1947 huko Pasadena, California, mama yake akiwa mfanyakazi wa ndani, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwenye maktaba za umma. Mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kupewa tuzo kubwa ya MacArthur. Riwaya yake inaanza Julai 2024, ambao kwake ulikuwa wakati ujao na kwetu umeshapita. Mvua haba, moto, maji ya kununua, mitaa iliyozungushiwa kuta. Msichana Lauren anaumia mwilini kila anapomwona mwingine akiumia, na kwa ulemavu huo anaongoza watu barabarani kuelekea kaskazini. Mwaka 2020, miaka 14 baada ya Butler kufariki, kitabu hiki kiliingia kwenye orodha ya vinavyouzwa sana ya New York Times. Kezilahabi alifika kwenye maangamizi kwa njia ya falsafa. Butler alifika kwa kuhesabu bei ya maji. Unahitaji wote wawili.

Walipotuandika wao

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kujua kwamba nchi yake imekuwa ndani ya bunilizi hizi tangu mwanzo, mara nyingi bila kuulizwa.

Jules Verne alianza safari zake za ajabu Zanzibar. Riwaya iliyompa jina, Cinq semaines en ballon, ya 1863, inawapandisha Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe ndani ya puto karibu na Unguja, kisha inawavusha bara zima hadi Senegal. Verne hakuwa amekanyaga Afrika. Alisoma taarifa za Burton na Speke, akaongeza hesabu za gesi, akafika. Katika mji wa Kazeh, kwenye eneo la Tabora ya leo, wenyeji wanadhani puto ni mwezi umeshuka, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na wageni kulazimika kutoroka. Soma ukurasa huo ukicheka kwa tahadhari: hesabu za mwandishi ni nzuri, lakini watu ndani yake ni mapambo.

Zaidi ya karne moja baadaye, Mmarekani Mike Resnick aliandika Kirinyaga, mkusanyiko wa 1998 wa hadithi zilizomletea tuzo nyingi. Wakikuyu wachache wamehamia kwenye ulimwengu uliotengenezwa angani ili waishi kama zamani, chini ya mganga Koriba, msomi wa vyuo vya ng'ambo anayewanyima wengine elimu aliyoipata yeye. Katika hadithi moja binti mdogo anataka kusoma, na Koriba anamzuia, kwa matokeo ya kuhuzunisha. Kila mkutubi anapaswa kuisoma. Naiazimisha pamoja na onyo: utamaduni anaoueleza umegandishwa kuliko ulivyowahi kuwa, na mabishano yote ya Waafrika humo yameandikwa na mgeni. Ian McDonald wa Ireland ya Kaskazini alifanya kazi yenye heshima zaidi. Katika Chaga, cha 1995, mimea kutoka anga za mbali inaanguka Kilimanjaro na kuenea kila siku bila kuzuilika. Hadithi yake ya baadaye, Tendeléo's Story, inaacha msichana wa Kenya asimulie mwenyewe, na ndiyo ninayoipenda.

Kisha nawapa wenyewe. Binti cha Nnedi Okorafor, cha 2015, kilichonyakua Hugo na Nebula, ni cha msichana wa Kihimba anayetoroka nyumbani usiku ili akasome chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, akiwa amejipaka udongo mwekundu wa kwao. Husomwa kwa siku moja. A Killing in the Sun cha Dilman Dila wa Uganda, cha 2014, ni hadithi fupi zinazochanganya hofu, mizimu na teknolojia. Na kwa wanaotoka kwenye vibanda vya video, ambako sauti ya mfasiri hufunika ya mwigizaji, nawaambia watafute kwanza filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya 2009: maji yamekwisha juu ya ardhi, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na mwanamke anayelinda makumbusho anaota mti.

Akitokea wa kuniambia kwamba mambo ya anga si yetu, humtajia Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na mji huo, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Setilaiti ilipewa jina Uhuru, na vipimo vyake vilichangia kuwashawishi wanasayansi kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Wavuvi wa pwani ile waliona moto ukipanda mawinguni kabla ya wengi wetu kujua kuna bunilizi za kisayansi.

Kwa watoto

Usimpe mtoto kitabu cha mafunzo ukakiita hadithi. Mpe Sultani Majinuni, hekaya ya Unguja iliyohifadhiwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa 1870. Paka wa sultani anaanza na kuku, anapanda hadi kwa watu, anakimbilia porini na kuwa nunda. Mtoto mdogo wa sultani anakwenda kumwinda, na kila mnyama anayemwua anamburuta kwa mama yake, ambaye kila mara anamwambia bado siye. Watoto huimaliza wakiwa wamesimama. Ukibahatika kupata nakala ya Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya 1940 ambayo michoro yake inamwonesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika, itunze kama mali. Kwa wa miaka 12 na kuendelea wanaosoma Kiingereza, Okorafor ana Zahrah the Windseeker na Akata Witch, na chochote kati ya hivyo kitafaa.

Vitabu ninavyovichelewesha

Kuna vitabu vikubwa ambavyo siviweki mbele ya anayeanza. The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, kitangulizwe na The Hobbit cha 1937. Asiyefurahia kifupi hatafurahia kirefu. Foundation cha Isaac Asimov, cha 1951, kina wazo kubwa, kwamba hisabati inaweza kutabiri historia ya mabilioni ya watu, lakini wahusika wake ni wembamba kama karatasi walimoandikwa na wanawake karibu hawaonekani. Nakipeleka kwa wanafunzi wa uchumi. The Three-Body Problem cha Liu Cixin kinaanza na Mapinduzi ya Utamaduni ya China na kuishia kwenye fizikia nzito; anayefaidi zaidi ni aliyefaulu fizikia. Dune cha 1965 ni kinene, lakini msomaji wa Kiswahili ana nafuu: Frank Herbert aliwapa watu wa jangwa lake maneno mengi ya asili ya Kiarabu, na mwenzetu atayaelewa mengi kabla ya kufungua faharasa.

Na kama hadithi haijakushika ukifika robo ya kitabu, kirudishe. Hakuna mtihani. Lakini kabla ya kukirudisha uliza kama tatizo ni kitabu au ni lugha. Vingi vya ng'ambo nilivyovitaja utavipata kwa Kiingereza tu, na msomaji mwenye kichwa kizuri anaweza kuchoka na kamusi akadhani amechoka na sayari.

Jinsi ya kuazima

Mwaka 1953 Ray Bradbury alichapisha Fahrenheit 451. Rasimu yake ya kwanza aliipiga kwenye chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, kwa mashine ya kukodi ya senti kumi kila nusu saa. Watu hukumbuka moto wa kitabu hicho, wazimamoto wanaochoma maktaba. Wakutubi hukumbuka maelezo ya mkuu wa wazimamoto hao, Beatty: kwamba watu waliacha kusoma wenyewe kwanza, na moto ukafuata baadaye.

Maktabani kwetu hakuna moto. Kuna muhuri wa tarehe. Kila baada ya muda tunapitia rafu, tunafungua jalada, tunaangalia mara ya mwisho kitabu kilipotoka. Kilicholala miaka mingi huondolewa ili kipishe kingine, na fedha za kununua vipya hufuata vile vinavyoazimwa. Vitabu vya kiada vina nakala nyingi na mtihani wa kuvilinda. Walenisi, Mzingile na Bina-Adamu! havina mlinzi ila msomaji.

Kwa hiyo ukija, njoo na kadi yako na uchukue jozi: kimoja cha nchi ya mbali, kimoja cha 896.392. Kama cha Kiswahili hakipo, omba fomu ya mapendekezo ya ununuzi na uandike jina la kitabu na la mwandishi kwa herufi zinazosomeka. Fomu hizo tunazisoma, na kitabu kilichoombwa na watu watatu hununuliwa kabla ya kile ambacho mkutubi peke yake anakipenda. Anza na Walenisi.